Nililala lay-by dakika kumi na mbili kutoka kwa dada yangu, bila kumpigia hodi

Wakuu, salaam kwenu mlioko nyumbani na mliotawanyika kama mimi.

Kwanza niseme, hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Natamani ingekuwa chai. Kila nitakachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na wakongwe wa jukwaa hili mtanitambua, maana mimi ndiye niliyewahi kuanzisha uzi wa kuwafundisha namna ya kuzunguka Uingereza na familia nzima bila kulala hoteli hata siku moja. Mliupenda sana. Mlinigongea like, mkaniita engineer wa maisha.

Naomba mods mkiuona ule uzi muufute. Nimeshawaandikia mara mbili.

Kwa wasionijua: naishi London, upande wa Croydon, flat ya vyumba viwili ghorofa ya saba, tram zinapita chini ya dirisha. Naendesha basi. Mke wangu Rehema ni wa Pemba, anafanya kazi ya care, anazunguka majumbani kuogesha wazee na kuwalisha. Watoto watatu, wote wanasikia Kiswahili, wote wanajibu Kiingereza.

Kila Agosti tunapanda Scotland. Mwaka wa kwanza tulikwenda harusini, watoto wakaipenda milima, ikawa ndiyo desturi yetu. Ni mbali. Ukitoka Croydon na watoto watatu, na foleni, na huyu anataka kukojoa na yule ametapika, hamfiki siku hiyo hiyo. Lazima mlale njiani.

Hoteli kwa watu watano wanakulazimisha kuchukua vyumba viwili. Mimi nikasema hapana, siwezi kulipia vyumba viwili kwa ajili ya kufumba macho. Nikanunua gari kuukuu la viti saba. Nikachonga ubao wa kukunja, usiku viti vya kati vinalazwa, ubao unakaa juu, godoro juu ya ubao. Rehema na watoto wanalala huko, mimi nalala kiti cha dereva nimekilaza nyuma. Madirishani tunatundika khanga.

Pa kulala ni lay-by. Kwa mlioko nyumbani, lay-by ni kile kipande cha lami pembeni ya barabara kuu ambapo malori yanaegesha dereva apumzike. Hulipi kitu. Usiende services za motorway, vile vituo vya mafuta na chakula, pale kuna kamera, ukizidisha masaa yao bili inakufuata mpaka nyumbani. Tafuta lay-by yenye miti katikati yake na barabara, siyo ile iliyo wazi, maana lori likipita gari lote linatikisika na mtoto anaamka. Soma vibao kwanza. Fika jioni, ondoka mapema, usiache hata ganda la ndizi. Acha kioo kimoja wazi kidogo ili...

Naona nimeanza tena kufundisha. Nisameheni, ni mazoea.

Sasa sikilizeni.

Njiani kuelekea Scotland, saa tano hivi za kuendesha kutoka kwangu, kuna mji mdogo. Sitautaja. Anaishi hapo dada yangu, Mwanaidi.

Dada Mwanaidi ndiye mama yangu, tuseme hivyo yaishe. Mama alifariki nikiwa na miaka minane, pale Tanga, na Dada ndiyo kwanza kamaliza shule. Alinifulia, alinipeleka shule, alinichapa. Alipoolewa alimwambia mumewe mapema kwamba anakuja na mtoto, na mtoto mwenyewe ni mimi. Akaja huku na mumewe, miaka ikapita, akanivuta na mimi. Jaketi langu la kwanza la baridi alininunulia yeye.

Mumewe alishafariki. Hakubahatika kupata watoto. Alifanya kazi jikoni kwenye shule moja ya hapo mjini mpaka akastaafu. Alikuwa anakaa peke yake kwenye nyumba ya council, yaani ya kupanga kutoka halmashauri, ya vyumba viwili.

Mtauliza, sasa kama una dada njiani, mwenye vyumba viwili, ulikuwa unalala lay-by ya nini?

Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Wakuu, kwa Dada huendi kulala usiku mmoja. Ukiingia mle umeingia. Atawapa kitanda chake, yeye alale kwenye kochi na goti lake lile bovu, na ukikataa anavimba. Atapika kana kwamba ana harusi. Siku ya pili atakupeleka kwa jirani, kwa watu wa msikitini, kwa bibi mmoja Mzanzibari anayeumwa, "huyu ndiye mdogo wangu wa London." Siku ya tatu ukisema unaondoka analia. Watoto wananung'unika garini kwamba mtandao wa Shangazi ni slow. Na mimi nina wiki moja tu ya likizo, kazini wamenipa kwa mbinde.

Mwaka wa kwanza kweli hatukuwa na muda. Nikamwambia Rehema, tupite tu, tutamwona wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi tulichoka, tukapita tena.

Mwaka wa pili nilikuwa nakwepa. Niseme kweli, si nimeahidi. Nilikuwa nakwepa.

Lay-by yenyewe niliijua zamani, kwa sababu ndiyo njia ya kwenda kwake. Pana, miti mizuri, asubuhi kuna mama anauza mikate ya mayai kwenye trela jeupe lililochorwa birika jekundu. Kutoka hapo mpaka mlangoni kwa Dada ni dakika kumi na mbili kwa gari. Miaka minne tumelala hapo, na nikawaambia watoto, Shangazi asijue. Rehema alikuwa hapendi. Alisema, "Mimi wifi yangu sijamkosea kitu, kwa nini nijifiche?" Lakini na yeye alikuwa amechoka, anataka likizo ya kutopika na kutopikiwa, basi akanyamaza.

Agosti iliyopita Dada alikuwa kwenye maandalizi ya kurudi Tanga moja kwa moja. Nyumba yake kule ilikuwa imekwisha, bado rangi tu. Tiketi ya mwezi wa kumi. Maboksi ameshafunga. Kila akipiga simu habari ni hiyo, nimenunua mapazia, nimewapa majirani sufuria. Mimi nikawa najisemea, basi nitakwenda kumuaga mwezi wa tisa, peke yangu, kwa treni, vizuri. Hii likizo tupite tu.

Tukafika lay-by saa mbili na nusu jioni, bado kweupe kama mchana, huku kiangazi jua halizami upesi. Nikawasha jiko la gesi pembeni. Rehema kaenda vichakani na wakubwa wawili. Garini kabaki Salha wangu, mdogo, ana miaka minane, na simu ya mama yake.

Ilikuwa Ijumaa. Dada alikuwa akipiga video call kila Ijumaa. Tulisahau.

Salha akapokea. Shangazi akamuuliza mko wapi. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza chake cha Croydon kwamba tuko kwenye gari, tunalala humu humu, na baba kasema tusimwambie mtu. Dada akamwambia lala salama mwanangu, akakata. Lakini nyuma ya kichwa cha mtoto, dirishani, alikuwa ameliona trela lenye birika jekundu. Basi lake la kwenda sokoni linapita hapo kila siku.

Salha hakutuambia. Kwani kuna nini cha kuambia? Shangazi kapiga, kasema lala salama.

Asubuhi saa kumi na mbili niko nje, napiga mswaki kwa maji ya chupa, fulana na bukta. Ikaja teksi. Akashuka Dada, baibui lake la kutokea, hotpot mkono mmoja, chupa ya chai mkono mwingine.

Nilibaki na povu mdomoni.

Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akaweka vyombo chini, akachungulia kupitia mlango wa dereva uliokuwa wazi. Sasa jaribuni kuona alichokiona yeye. Watu wanne wamejibana kwenye godoro moja. Sufuria. Ndoo. Mabegi ya nguo. Begi la shule la mkubwa, maana alikuwa na homework ya likizo. Gari kuukuu, kioo kimoja nimekibana kwa utepe wa gundi.

Akarudi kwangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili watoto wasiamke:

"Bakari, nyumba mmenyang'anywa?"

Wakuu, jibu lilikuwa "hapana, Dada." Maneno mawili. Nilifungua mdomo niyaseme. Halafu nikaona swali linalofuata. Kama nyumba mnayo, mnafanya nini hapa, dakika kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu? Na hilo sikuwa na jibu lake la kumwambia mtu aliyenilea.

Nikasema, "Ni kwa muda tu, Dada."

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika hapa kama nilivyotamka.

Akanikumbatia. Akaniambia twendeni nyumbani. Nikaongeza uongo wa pili, kwamba kuna kazi Scotland naiwahi, wananisubiri. Akasema sawa, mwanaume asizuiwe kwenye riziki. Akaniachia hotpot, maandazi na mbaazi, akanishika kichwa akanisomea dua, akapanda teksi yake.

Rehema alipoamka nikamweleza. Akasema, "Mpigie sasa hivi. Kabla hatujawasha gari."

Nikasema tukifika. Tulipofika nikasema tukirudi. Tuliporudi nikasema hili si jambo la simu, nitakwenda mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa kazini wakabadilisha rota, ile ratiba ya zamu.

Dada akawa anapiga kila siku. Watoto wamekula? Wameoga wapi? Mna blanketi? Nami namjibu mkato, tunapambana Dada, usijali, huku nimekaa kwenye kochi langu, miguu juu ya meza. Mara nyingine nakasirika kabisa, naona ananisumbua.

Mwezi wa kumi akasema ameahirisha safari kidogo. Goti, alisema. Nikamwambia vizuri, tibu goti kwanza. Wallahi sikuunganisha. Au niliunganisha nikajifanya sijaunganisha. Siku hizi sijui tena.

Mwezi wa kwanza jirani yake, mama mmoja wa Kipakistani, akanipigia. Dada kaanguka jikoni. Stroke.

Nilipanda peke yangu siku ile ile. Hospitali wakasema nisubiri mpaka jioni ndipo nimwone, nikaenda nyumbani kwake kumchukulia nguo. Jirani akanipa ufunguo, tukaingia wote. Korido imejaa maboksi ya Tanga, bado yamefungwa kamba. Nikafungua chumba cha pili.

Vitanda vya ghorofa. Vipya, vimetandikwa shuka, vya watoto watatu. Mezani kuna fomu za kuombea nafasi kwenye shule ya pale mjini, majina ya wanangu yameandikwa kwa mwandiko wake ule wa kulala, tarehe za kuzaliwa zote sawasawa. Ukutani kashikiza ratiba ya basi la shule. Na pembeni mifuko mitatu myeusi ya nguo za baridi. Jirani akanieleza kwa upole kwamba wanawake wa msikitini walichanga, maana Sister Mwanaidi aliwaambia mdogo wake amepoteza nyumba London na anaona haya kusema, na kwamba hawezi kwenda Afrika akaacha watoto barabarani. Akitoka yeye, nyumba ya council inarudishwa. Akiwepo, siku tukikubali kuja, tuna pa kufikia.

Halafu yule mama akanishika bega, akaniambia nisione aibu, inamtokea yeyote.

Nikamwambia ahsante. Hata pale wakuu, hata pale sikusema.

Nilikaa juu ya kitanda cha chini nikalia mpaka nikaishiwa pumzi. Mimi si mtu wa kulia.

Upande wake wa kulia ulikufa, lakini kusema alikuwa anasema, polepole. Daktari akatoa matumaini: akiendelea hivi, baada ya miezi miwili mitatu anaweza kusafirishwa akiwa na mtu wa kumwangalia. Rehema akajitolea kumsindikiza mpaka Tanga. Nikajua sasa imebaki moja, nimwambie kweli ili aondoke kwa amani.

Nilimwambia wiki ya tatu. Nilivuta kiti, nikamshika ule mkono mzima. Nikamwambia Dada, nyumba ninayo. Sijawahi kuikosa hata siku moja. Pale barabarani tulikuwa tunakwenda matembezi, na tumelala pale miaka minne, tunakupita wewe kwa makusudi kwa sababu nilikuwa naona uvivu kuja kwako. Nilikudanganya.

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nataka anitukane.

Alitabasamu upande mmoja. Akasema, "Usijisingizie, mdogo wangu. Unataka niondoke nisiwe na wasiwasi. Siondoki."

Nikamwonyesha picha za flat. Akasema nyumba nzuri, ya nani hiyo? Tukapiga video call, Rehema akazunguka na simu chumba kwa chumba. Dada akasema, mwambieni mwenye nyumba ahsante kwa kuwastiri. Nikamleta Salha amwambie. Mtoto akasema, we do have a house, Auntie. Dada akanigeukia kwa huzuni, akasema umeshamfundisha tena huyu mtoto.

Nikaja kuelewa. Kwake ni rahisi niwe sina nyumba kuliko niwe nilimpita. La kwanza linaweza kumpata mtoto aliyemlea. La pili haliwezekani, hata nikiliapia.

Tukapanga tumlete Croydon aone kwa macho yake. Daktari alisharuhusu. Nililipanga lile gari upya, nikaweka mito. Zilikuwa zimebaki siku tano, ikaja stroke ya pili.

Sasa yuko care home, nyumba ya kutunzia wazee, mji ule ule. Hasemi. Hakuna tena habari ya ndege. Nyumba ya council tumerudisha, vitanda nimewapa wale wa msikitini, na hapo ndipo niliwaambia ukweli, na yule jirani hapokei simu yangu tena. Ana haki. Tanga msimamizi wa nyumba bado ananiuliza rangi ya dirishani apake ipi, mama anapenda ipi. Sijamjibu.

Napanda kila nikipata off, asubuhi kwa treni, jioni narudi. Namweleza kila mara, kutoka mwanzo, kama nilivyowaeleza nyinyi. Sijui anasikia kiasi gani. Wakimletea chakula, kwa ule mkono mmoja uliobaki anaisukuma sahani kuja kwangu. Naisogeza kwake, anaisukuma tena. Nisipokula, na yeye hali. Kwa hiyo nakula, wakuu. Nakula nusu ya chakula cha mgonjwa, huku ananiangalia, ndipo na yeye anafungua mdomo alishwe.

Somo sitalipamba. Sisemi msilale lay-by, laleni, ni bure na watoto wanafurahi. Ila kama kuna mtu wako unampita njiani, mpigie umwambie leo napita, sina muda, nimechoka, sitaki. Akasirike. Hasira zao zinaisha. Mimi niliogopa hasira ya siku mbili, nikamnyima mtu kwenda kwao.

Mlio na dada na mama huko njiani mnajijua. Mnaotaka kunisema, nisemeni, nafasi ndiyo hiyo hapo chini, sitabishana na mtu. Ila kabla ya kunisema naomba anayejua anijibu hili moja, maana Rehema hajui, na sheikh niliyemuuliza kazunguka tu: mtu asiyekubali kuamini kwamba ulimkosea, msamaha unamwombaje?